Waombaji wa Mlima Manga

Manga,
18 Aprili 1971

Kwako Zilpa Akong'o, mwenzangu wa sanduku moja shuleni,

Pokea salamu zangu zote, na zikikuzidi wagawie wenzako hapo ofisini. Sisi hatujambo. Mvua imeshuka vizuri, pareto imechanua mpaka shamba limekuwa jeupe, na mgongo wangu umeshaomba talaka. Mume wangu Mogire bado yuko Kericho na lori lake la majani chai, anakuja kila mwisho wa mwezi. Nyamweya wetu ametimiza miaka sita. Ukimwona anavyotembea mikono nyuma, utafikiri ni baba mkwe amerudi. Unakumbuka nilikuandikia mzee alipofariki, mwaka wa sitini na nne? Mwaka uliofuata mtoto akaja, akapewa jina. Kwetu jina la marehemu haliachwi likae bure.

Umeuliza kama bado nalima ukingoni. Nitalima wapi pengine? Ekari zetu nne ziko palepale, juu kabisa, mahali mtu mwoga hasimami. Asubuhi isiyo na mawingu naliona ziwa lenu lote. Naona hata moshi wa mtu wa kwenu Kendu anayepika samaki, kilichobaki ni kunusa tu. Siku nikikosa mboga nitabeba ugali wangu, obokima, mpaka ukingoni, nile nikitazama moshi wenu.

Na hiyo kazi mpya ni kazi gani? Umesema mnaitwa "washauri". Mnamshauri nani? Hapa kwetu mshauri ni shangazi anayekuja bila kuitwa.

Ni mimi,
Jemimah Kwamboka


Nairobi,
9 Mei 1971

Jemimah, Mkisii wangu mkaidi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa kazini, na pale kwenye obokima na moshi nilicheka mpaka bosi, Bwana Ambley, akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini.

Sasa sikiliza kazi ya washauri. Kampuni inaitwa Ambley na Wenzake, ingawa hao wenzake sijawahi kuwaona. Serikali ya ng'ambo ikitaka kitu kwa serikali yetu, na haitaki kuonekana ikiomba, inatulipa sisi tukaiombee. Bwana Ambley anawaalika wakubwa chakula cha mchana, anaandika makala gazetini kwa jina la mtu mwingine, na mwezi hauishi kabla wakubwa hawajaona kwamba lile jambo ni wazo lao wenyewe. Hatumpigi mtu, hatumwibii mtu. Mimi nachapa yote hayo, maneno sitini kwa dakika, wala sikosei herufi. Wewe ulikuwa unaninyang'anya kalamu shuleni ukisema naandika kama kuku. Njoo uone sasa!

Nina kiti cha kuzunguka, Jemimah. Nikichoka nazunguka.

Wako,
Zilpa


Manga,
27 Juni 1971

Zilpa,

Wewe zunguka tu, huku kumetokea mambo.

Jumanne nimetoka kuchuma pareto nikakuta vigingi kumi na viwili shambani, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Wazungu wawili walikuwa wamesimama juu ya maua yangu na kile chombo cha miguu mitatu. Na aliyewabebea mwavuli alikuwa nani? Onchiri, shemeji yangu, mdogo wake Mogire! Suti, viatu vipya, tai ndefu mpaka kwenye mkanda. Tangu Pasaka hatujamwona, kumbe anafanya kazi.

Anasema serikali moja ya urafiki inataka kujenga kituo cha redio juu ya mlima, chenye mlingoti wa kusikiliza nchi tano. Wanataka ekari arobaini tu. Hiyo "tu" aliisema akiwa amesimama kwenye zangu nne, ambazo ziko katikati kabisa. Nikamuuliza sisi tutakwenda wapi. Akasema tutatafutiwa. Nani atatutafutia, hajui.

Mzungu mmoja aliongea nami Kiswahili cha kuokota. Akasema, "Mama, hapa naona moshi ya samaki ya Kendu, ndiyo?" Nikamjibu ndiyo. Nilikaa na hilo neno siku nzima.

Chifu ametuambia wizara haiwezi kukubali mpaka wenyeji wenyewe waombe kituo hicho. Nikamwambia basi limekwisha, mimi siombi. Lakini usiku silali vizuri, sikufichi. Hati ya shamba bado haijatoka, na tumboni kuna mgeni wa mwezi wa tatu. Mtoto azaliwe wapi, kwenye kigingi?

Wewe unakaa na washauri. Hujasikia chochote?

Jemimah


Nairobi,
20 Julai 1971

Mpendwa Jemimah,

Hongera sana kwa mgeni. Nimekutumia flaneli yadi tatu, ya manjano, maana hatujui ni mvulana au msichana.

Juu ya yale mengine, Nairobi ina ofisi nyingi, siwezi kumjua kila mzungu. Kama wizara imesema inangoja ombi la wenyeji, nanyi hamtaomba, basi sioni hofu ni ya nini. Kula vizuri. Usibebe mitungi.

Samahani barua ni fupi, kazi ni nyingi.

Zilpa


Kisii Mjini,
13 Septemba 1971

Kwa Karani Mkuu,
Bi Zilpa Akong'o,
Ambley na Wenzake, Nairobi.

Bi Mheshimiwa,

Nina furaha kubwa kukuarifu kwamba zoezi la Manga limefaulu kupita matarajio. Pamoja na barua hii utapata ombi la wenyeji likiwa na majina mia mbili na kumi na mawili, kila jina na alama yake ya kidole. Wananchi walijitokeza kwa wingi na kwa hiari siku ya Jumamosi tarehe 11, nikamaliza yote kabla ya jua kutua.

Bwana Ambley akiuliza kama majina ni ya kweli, mwambie Onchiri amesema hivi: yote ni ya Manga, hakuna hata moja la kubuni, na kila jina lina mwenyewe hapo kijijini. Mwenye shaka aje aulize.

Tafadhali lichape vizuri, wizara inalingoja. Nakuomba pia umkumbushe bosi kuhusu ile pikipiki.

Wako mtiifu,
J. O. Onchiri
Mshauri Msaidizi, Nyanza Kusini


Nairobi,
19 Septemba 1971

Jemimah,

Keti chini kwanza.

Nilikudanganya mwezi wa saba. Kituo cha Manga ni faili letu. Liko kwenye kabati nyuma ya kiti changu, na kila barua iliyomo nimeichapa kwa mikono hii. Nilijiambia ombi halitakuja, kwa hiyo hakuna haja ya kukutia wasiwasi. Jumatano likaja. Limetoka kwa Onchiri wenu, ambaye hajui kwamba mimi na wewe tunajuana.

Nilianza kulichapa kama kawaida yangu, bila kusoma. Nikafika jina la tisa, vidole vikasimama vyenyewe. "Nyamweya wa Obwocha." Nilirudi chumbani jioni nikafungua mkebe wa barua zako. Iko hapa, ya Novemba 1964, umeandika kwa kalamu ya risasi: leo tumemzika Nyamweya wa Obwocha, baba wa nyumba hii. Sasa marehemu amewekaje kidole kwenye karatasi juzi? Na vidole vyote, ukivitazama vizuri, ni vya mkono mmoja. Kidole gumba kina kovu limekikata katikati, na hilo kovu limeomba redio mara arobaini na tatu.

Nilichapa na nakala moja zaidi ya kaboni. Ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Mwandikie chifu, mwandikie wizara, fanya unachojua. Tarehe 18 Novemba kutakuwa na baraza hapo kwenu. Bwana Ambley anakuja, na mtu wa ubalozi anakuja, na afisa wa wizara, Bwana Obura, ndiye mwenye neno la mwisho. Akiridhika siku hiyo, shamba limekwenda.

Ukinichukia leo nitaelewa.

Zilpa


Manga,
3 Oktoba 1971

Zilpa,

Nimekaa chini, nimesoma, nimesimama.

Hilo kovu nalijua, alijikata na panga akiiba miwa ya Nyangate. Na majina nayo nimeyajua yametoka wapi. Baba mkwe alikuwa karani wa kodi ya kibanda zamani za mkoloni, na daftari lake lilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Nimefungua sanduku, daftari halimo. Onchiri alilala chumba hicho mwezi wa nane. Amenakili wazee wote waliolipa kodi mwaka wa thelathini na kitu, kwa mpango uleule, mpaka akamnakili baba yake mwenyewe! Hakuona kwamba anamtoa mzee kaburini akaombe redio. Na ile Jumamosi anayoisema, kilima kizima tulikuwa kanisani tangu asubuhi mpaka jioni. Sabato! Mtoto aliyelelewa na mama wa kwaya!

Nilitaka kwenda kwa chifu siku hiyohiyo. Kisha nikasoma tena barua yake uliyoninukulia nyuma ya karatasi: kila jina lina mwenyewe hapo kijijini. Nikakaa. Nikacheka peke yangu jikoni mpaka Nyamweya akaja kuniangalia.

Maana ni kweli, Zilpa. Kila jina lina mwenyewe. Nyinyi wa Nairobi mngoje tu baraza.

Nimeita akina mama wa risaga yetu, wale tunaolimiana mashamba kwa zamu. Tunapita nyumba kwa nyumba na orodha yako. Mpaka jana tumefikisha mia moja na sitini.

Sikuchukii. Nimekasirika, hilo ni jambo lingine, na litakaa mpaka liishe lenyewe.

Jemimah


Manga,
21 Novemba 1971

Zilpa wangu,

Laiti ungekuwepo! Ngoja nikupe kwa utaratibu, kalamu isije ikakimbia mbele.

Baraza lilikuwa Alhamisi, uwanja wa shule. Viti vya wageni vilifunikwa vitambaa vya kanisa. Chifu alifungua kwa sala, na Onchiri akatafsiri hata sala. Bwana Ambley wako, yule mrefu anayemeza maneno, alisimama akasema wametoka mbali kuja kuwashukuru wananchi mia mbili na kumi na wawili walioomba maendeleo wao wenyewe. Watu wakapiga makofi. Tulikuwa tumewaambia wapige.

Ndipo nikainuka, tumbo mbele. Nikasema, "Chifu, kwetu watu hawashukuriwi kwa jumla. Wageni wetu wamepanda mlima huu wote. Hao walioomba waitwe mmoja mmoja, wapewe mkono."

Mtu wa ubalozi alipotafsiriwa alifurahi mno, akavua kofia, akaja mbele na mkono tayari. Onchiri peke yake ndiye aliyetoa kitambaa akaanza kujipangusa shingo.

Bwana Obura akaichukua orodha. Ni mtu wa huko kwenu, mnene, mpole, miwani puani. Alitaka kuanza na la kwanza, nikamwambia aanze na la tisa, ni familia yangu. Akasoma: "Nyamweya wa Obwocha!"

"Niko!"

Mwanangu akatoka na kaptula yake ya kaki, mikono nyuma, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mgeni akampa mkono. Bwana Obura akatabasamu. "Vizuri, kijana. Sasa mwite mwenyewe."

"Nyamweya ni mimi."

"Haya. Na Obwocha, baba yako?"

Mtoto akanyoosha kidole kwa Bitutu, jirani yangu, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi. "Yule pale. Ananyonya."

Zilpa, sikumfundisha neno hilo, naapa. Nilimwambia tu ajibu ukweli. Bitutu akainuka na Obwocha wake wa miezi saba, meno mawili, jina la babu mzaa babu, na mtu wa ubalozi, kwa kuwa mkono ulikuwa bado uko mbele, akamsalimia naye. Obwocha akashika kidole cha mgeni akakitia mdomoni.

Bwana Obura hakucheka. Alisogeza miwani, akasoma lingine. "Onyancha wa Mogire!" Darasa la kwanza. "Nyangate wa Onyancha!" Alibebwa mgongoni, amelala, mama akasema asiamshwe. Walitoka, Zilpa, mmoja baada ya mwingine, wengine wanashikana mikono, wengine wanalia kwa kuona mzungu. Alisoma mpaka jina la arobaini, na mtu mzima hata mmoja hajasimama.

Onchiri akapiga kelele: "Lakini kila jina lina mwenyewe!"

Nikamjibu mbele ya wote: "Ni kweli kabisa, shemeji, hukusema uongo. Wazee waliondoka, majina yakabaki kwa hawa. Nilikuwa nalijua hilo kabla hujavaa tai. Basi waulize wenye majina kama wanataka redio."

Bwana Obura akamgeukia Nyamweya, akamuuliza kwa upole kabisa, kama anamuuliza mzee wa baraza. Nyamweya akafikiri. Akasema, "Redio tunayo nyumbani. Betri ndiyo imeisha."

Hapo hata chifu alishindwa kujizuia. Bwana Obura alifunga faili, akafunga na kalamu yake. Akasema ombi hili halina mwombaji, na kwamba wizara haitapokea jingine juu ya mlima huu. Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, akimtazama Bwana Ambley.

Onchiri nilimkuta nyuma ya darasa, analia. Hakulilia pikipiki. Alisema, "Shemeji, nilimwandika baba." Nilimpa chai, akaenda kulala kwa shangazi yake kule Marani, na daftari amerudisha.

Vigingi tumeving'oa kumi na kimoja. Cha kumi na mbili nimeacha, ndama anakipenda.

Wako,
Jemimah


Nairobi,
12 Desemba 1971

Jemimah,

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye kiti cha kawaida cha miguu minne. Kile cha kuzunguka sinacho tena. Bwana Ambley aliporudi aliuliza nani mwingine aliyeiona orodha. Nikasema ni mimi, nilimpelekea mwenye shamba, na ningempelekea tena. Alitaka niseme samahani, nikavaa koti langu. Usinihurumie. Mtu wa maneno sitini kwa dakika halali njaa mji huu, nimeshaandika maombi manne.

Lakini kuna jambo sijakuambia. Nimechana barua mbili nikijaribu kuliandika.

Siku ile nilipocheka ofisini, Bwana Ambley aliuliza kuna nini. Nikamsomea barua yako, kwa Kiingereza, kwa maringo, nikitaka aone kwamba rafiki yangu anajua kuandika. Mlima unaoona mpaka Kendu, moshi wa samaki. Alicheka sana. Kisha akasema, "Huo mlima uko wapi hasa?" Nami nikasimama, nikamwonyesha kwenye ramani ya ukutani. Kabla ya siku hiyo walikuwa wanatafuta mahali pengine kabisa. Ni mimi niliyewaleta shambani kwako. Onchiri alikuja baadaye. Kidole cha kwanza kilikuwa changu.

Nimeona aibu miezi saba. Usiponijibu nitajua ni kwa nini.

Zilpa


Manga,
30 Januari 1972

Zilpa Akong'o,

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nazaa. Msichana, tarehe 14, amejifunika flaneli yako ya manjano na analia kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Sasa nisikilize. Nilijua tangu mwezi wa sita. Yule mzungu alipofungua mdomo shambani kwangu akatoa moshi wa samaki wa Kendu, nilimtazama nikajiambia, hili neno ni langu, na nililiandikia mtu mmoja tu hapa duniani. Nilikasirika, Zilpa! Nilikasirika mpaka nikaing'oa pareto nzima ya mstari mmoja. Halafu nikakuuliza kama umesikia chochote, kusudi nione utasema nini. Ukaniambia Nairobi ina ofisi nyingi.

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilitaka useme mwenyewe, nami nina subira ya mtu anayelima kwenye mteremko. Ulipotuma ile orodha, nusu ya hasira iliisha. Barua hii ya mwisho imemaliza nyingine. Hukuwaonyesha shamba, ulimwonyesha mtu barua ya rafiki yako ukajivunia. Ningekuwa na kiti cha kuzunguka huenda nami ningefanya hivyohivyo.

Watu waliniuliza mtoto ataitwa nani. Mogire alikuja kutoka Kericho, akasema, kwa yote aliyofanya rafiki yako, tumwite Zilpa. Mama zangu wa risaga wakashangilia. Mimi nikakataa. Nimemwita Nyanchera, jina la marehemu mama mkwe, lililokuwa likingoja mtoto.

Usinielewe vibaya. Wewe wajua sasa, na hata mtu wa ubalozi anajua, jinsi majina yanavyopatikana hapa Manga. Kwetu mtoto hapewi jina mpaka mwenyewe awe ameliacha, na wewe lako bado unalitumia. Litumie. Nitakapong'oka meno yote nitakuwa bado naliandika juu ya bahasha.

Njoo Pasaka. Samaki uje nao wewe, moshi nimeshachoka nao.

Ni mimi,
Jemimah Kwamboka